Nundu Iliyotoweka Kwenye Feni ya Jeti

Ukipanda ndege kwa ngazi za nje siku yenye upepo, tega sikio upande wa injini. Hata ikiwa imezimwa, huenda ukaisikia ikilia ka-ka-ka, kama sahani zinazogongana jikoni. Si mbovu. Mapanga ya feni hayakuchomelewa kwenye kitovu, yamechomekwa tu katika mifereji yake, na yanacheza kidogo. Upepo ukiizungusha feni polepole, kila panga hulala upande huu, kisha upande ule. Injini ikishawaka na kushika kasi, nguvu ya mzunguko huyavuta nje na kuyakaza, na mlio ukakoma.

Kazi ngumu huanzia hapo. Panga refu na jembamba lililoshikwa shinani pekee hutetema kama ukuti wa mnazi penye kaskazi, na chuma kinachotetema bila kupumzika hupata ufa. Dawa ya zamani ilikuwa nundu. Kila panga lilitengenezwa likiwa na nundu mbili, moja kila upande, juu kidogo ya katikati. Feni ikishika kasi, nundu za panga moja huegemea za majirani zake, zote zikawa pete moja inayoyashika mapanga yasiyumbe. Mafundi wa Kiingereza waliziita snaba. Feni za ndege kubwa za kwanza, kuanzia Boeing 747 iliyoanza safari za abiria Januari 1970, zilikuwa na pete za namna hii.

Lakini pete hiyo imekaa katikati ya njia ya hewa. Kwenye injini za feni kubwa, sehemu kubwa ya msukumo hutokana na hewa inayopita nje ya kiini bila kuchomwa, na sehemu ya nje ya panga huikata hewa hiyo kwa kasi inayopita ya sauti. Ukiweka nundu pale, hewa hugonga, huvurugika, na mafuta yaliyochomwa kuizungusha feni hupotea bure. Kila mhandisi alilijua hilo. Lakini nani angethubutu kuziondoa?

Rolls-Royce walithubutu mapema, na waliungua. Kwa injini ya RB211, iliyokusudiwa kwa ndege ya Lockheed TriStar, walibuni mapanga mapana ya nyuzi za kaboni yaliyoitwa Hyfil: mepesi, magumu, yasiyohitaji nundu. Waliwahi hata kuyafunga kwenye injini za Conway za ndege za VC10 za shirika la BOAC, ndugu za zile Super VC10 ambazo East African Airways ilizitumia kati ya Nairobi na London. Mwaka 1970 likafika jaribio la ndege wa angani: mzoga wa kuku ukafyatuliwa kuelekea kwenye feni inayozunguka, na mapanga yakapasuka vipande. Ikabidi kurudi kwenye titani, na kwenye nundu. Gharama za mradi mzima zilikuwa zimeshapanda kupita kiasi, na Februari 1971 kampuni ikafilisika, serikali ya Uingereza ikaichukua.

Habari za kufilisika ndizo zinazosimuliwa zaidi. Kwangu mimi kilichofuata ndicho kitamu, maana wazo la panga pana halikuzikwa pamoja na Hyfil. Panga pana hujishika lenyewe kwa upana wake. Tatizo ni uzito: panga pana la titani tupu lingehitaji kitovu kizito cha kulizuia lisichomoke, na ganda nene la kulidaka likikatika. Jibu lilikuwa kulitoboa ndani. Mabamba mawili membamba ya titani yaliunganishwa na kiini cha titani kilichofumwa kama sega la nyuki. Kwa nje panga ni laini, bila kitu cha kuizuia hewa. Nguzo zote zimefichwa tumboni. Mapanga hayo yaliingia kazini mwaka 1984 katika injini ya RB211-535E4 ya Boeing 757. Feni ya TriStar ilikuwa na mapanga 33. Hii, ndogo kidogo, ilitosheka na 22.

Baadaye sega nalo likaachwa. Kwa injini za Trent za Rolls-Royce, mabamba matatu ya titani hubanwa pamoja, hupashwa joto la zaidi ya nyuzi 900, kisha gesi hupulizwa kati yake. Bamba la kati huvutika na kuwa mihimili ya mshazari, kama ya daraja la reli. General Electric nao, mwaka 1995, waliirudisha ile kaboni iliyowashinda Waingereza, wakiikinga kwa ukingo wa titani upande unaopokea mapigo.

Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania ilitua Dar es Salaam mwaka 2018 na injini za Trent 1000. Feni yake ina kipenyo cha karibu mita 2.85 na mapanga 20. Ukisimama mbele yake huoni nundu hata moja. Upepo wa baharini ukivuma, nayo hulia ka-ka-ka.