Mwaloni Mweupe, Mbao Zilizodundisha Makombora

Tarehe 19 Agosti 1812, manowari ya Marekani USS Constitution ilipambana na HMS Guerriere ya Uingereza katika Atlantiki. Mabaharia walipoona makombora ya adui yakidunda ubavuni, wakaipa meli yao jina la Mbavu za Chuma. Kumbe ubavu ule ulikuwa mbao za mwaloni mweupe, zilizopigiliwa nje na ndani ya mataruma ya mwaloni mwingine, ule wa pwani ya kusini usiopukutisha majani.

Mwaloni mweupe ni mwenyeji wa mashariki ya Amerika Kaskazini, kuanzia Quebec ya kusini hadi Florida ya kaskazini, na magharibi hadi Minnesota na Texas. Gome lake ni la kijivu hafifu, majani yana ncha za mviringo, na baadhi ya yaliyokauka huweza kubaki mtini msimu wa baridi. Siri yake imo ndani ya gogo: kwenye kiini, mirija iliyokuwa ikipandisha maji huzibwa na seli za mti wenyewe. Maji hayapenyi. Ndiyo maana waunda meli waliupenda, na waunda mapipa ya wiski wanaugombea hadi leo.

Mbegu zake huanguka vuli na kuchipua papo hapo. Kindi wanalijua hilo: kabla ya kuzifukia kama akiba, huzing'ata na kutoa kiinitete zisije zikaota.

Lakini si kindi wanaonitia hofu. Mche wa mwaloni unataka jua, na kwa karne nyingi moto uliowashwa na wenyeji wa asili ulisaidia kuiacha misitu wazi. Moto ulipozuiwa katika karne ya 20, miti inayostahimili kivuli, kama maple, ilijaa chini ya mialoni mikubwa. Leo mizee ni mingi, michanga haba. Na mizee nayo haidumu milele: mwaloni mweupe maarufu wa Wye Mills, Maryland, uliokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 450, uliangushwa na dhoruba tarehe 6 Juni 2002.

Jeshi la wanamaji limetenga mialoni huko Crane, Indiana, kwa ajili ya kuikarabati Constitution, ambayo ingali inaelea Boston. Ni hatua njema, ila meli moja ina walinzi wake. Msitu mzima unahitaji watu wa kupunguza kivuli na kurudisha moto wa kudhibitiwa sasa hivi, kwa maana mti wa kutoa mbao kama zile hukua kwa zaidi ya karne.