Siri iliyo nyuma ya takwimu za vifo za kila wiki Uingereza

IDADI ya vifo inayotangazwa kila wiki nchini Uingereza ni miongoni mwa takwimu zinazonukuliwa sana ulimwenguni, na pia miongoni mwa zile zinazopotoshwa kwa urahisi. Hutolewa na Ofisi ya Takwimu za Taifa, ijulikanayo kwa kifupi kama ONS, na huhusu Uingereza yenyewe pamoja na Wales. Uskoti na Ireland Kaskazini zina idara zao na hutoa hesabu zao mbali. Wiki ya hesabu huanza Jumamosi na kukamilika Ijumaa.

Jambo la kwanza ambalo msomaji apaswa kulielewa ni kwamba takwimu hizi hazihesabu watu waliofariki katika wiki hiyo, bali vifo vilivyoandikishwa. Kwa miaka mingi sheria ilitaka kifo kiandikishwe katika muda wa siku 5. Hata hivyo, kifo chenye utata, mathalani cha ajali au cha kujiua, hupelekwa kwa afisa wa uchunguzi, na huenda miezi ikapita kabla ya jina la marehemu kuingia daftarini. Tangu Septemba 9, 2024, kila kifo kisichochunguzwa na afisa huyo sharti kikaguliwe na daktari mwingine ambaye hakumtibu marehemu, na siku hizo 5 huanza kuhesabiwa pindi msajili anapopokea taarifa ya daktari huyo. Pengo kati ya kufa na kuandikishwa limepanuka, na anayelinganisha wiki za baada ya tarehe hiyo na za kabla yake bila kulizingatia hilo anajidanganya.

Kisha kuna sikukuu. Wakati wa Krismasi na Pasaka, wasajili wakiwa mapumzikoni, vifo huonekana kupungua ghafla, halafu huruka juu wiki zinazofuata. Mfano bora ni wa mwaka 2020. Katika wiki iliyoishia Mei 1 viliandikishwa vifo 17,953; iliyoishia Mei 8 vikawa 12,657. Mtu asiyejua angedhani janga la corona limekatika kwa siku saba. Ni kweli kwamba wimbi lilikuwa likishuka, lakini Mei 8 ilikuwa pia siku ya mapumziko ya kuadhimisha miaka 75 tangu Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipomalizika barani Ulaya. Wiki iliyofuata idadi ilipanda tena hadi 14,573.

Kilele chenyewe kilikuwa wiki iliyoishia Aprili 17, 2020, ambapo viliandikishwa vifo 22,351, idadi ya juu zaidi tangu hesabu hizo za wiki zianze kulinganishika mwaka 1993. Vilizidi wastani wa wiki kama hiyo katika miaka mitano iliyotangulia kwa 11,854. Ajabu ni kwamba vyeti vilivyotaja Covid-19 vilikuwa 8,758 pekee. Vifo zaidi ya 3,000 vya ziada havikuhusishwa na ugonjwa huo katika maandishi, wakati ambapo vipimo vilikuwa haba na wagonjwa wengine wakiogopa kukanyaga hospitalini.

Hapo ndipo thamani ya hesabu hii inapodhihirika. Serikali ilikuwa na hesabu yake ya kila siku, iliyotegemea vipimo vya maabara. Mnamo Agosti 12, 2020, iliamua kumhesabu tu aliyefariki katika siku 28 baada ya kupatikana na virusi, na vifo zaidi ya 5,000 vikaondolewa katika jumla kwa usiku mmoja. Daftari la msajili halikutikisika.

Utaratibu wenyewe ni wa kale. Katika karne ya 17 makarani wa parokia za London walichapisha orodha ya vifo kila Alhamisi, wakitegemea wanawake wazee waliotumwa kukagua maiti na kutaja sababu. Wiki mbaya zaidi ya tauni ya 1665, mwezi Septemba, iliorodhesha 7,165 waliouawa na maradhi hayo, na haikosi walikuwa wengi zaidi, kwa kuwa jamaa waliwahonga wakaguzi ili nyumba zao zisifungwe. Miaka mitatu kabla, mfanyabiashara John Graunt alikuwa amezichambua orodha hizo katika kitabu ambacho wengi hukiona kuwa chimbuko la taaluma ya takwimu za watu. Mwaka 1854 daktari John Snow alitumia daftari la vifo la wiki kuonyesha kwamba kipindupindu cha mtaa wa Soho kilitoka kwenye bomba moja la maji.

Mzozo wa siku hizi hauhusu sana hesabu ya vifo, bali kile kinacholinganishwa nacho. Wastani wa miaka mitano hausemi lolote kuhusu jamii inayoongezeka na kuzeeka, ambayo bila shaka itazika watu wengi zaidi. Isitoshe, janga liliuvuruga wastani wenyewe, hata ONS ikalazimika kuuruka mwaka 2020 ilipopima vifo vya 2022. Februari 2024 ilileta mbinu mpya inayozingatia umri na ukubwa wa idadi ya watu. Kwa Uingereza yote, pamoja na Uskoti na Ireland Kaskazini, vifo vya ziada vya 2023 vilivyokuwa 31,442 kwa mbinu ya zamani vikawa 10,994. Hakuna maiti aliyefufuka. Kilichobadilika ni kipimio.

ONS hutoa pia jedwali la vifo kwa tarehe halisi ya kufariki, nalo linaonyesha kwamba siku mbaya zaidi ya wimbi la kwanza ilikuwa karibu na Aprili 8, 2020, zaidi ya wiki moja kabla ya kilele cha uandikishaji. Jedwali hilo ndilo sahihi zaidi kwa anayetafiti ya zamani. Kwa wiki za karibuni halifai, maana vifo vingi huwa bado havijafika kwa msajili, na mstari wa grafu huinama mwishoni hata pale ambapo watu wanazidi kufa.