Tubuni, Mwihane

Jioni, kwenye mteremko wa Rwezamenyo, Kigali, mhubiri aliyetoka Bukavu amesimama na Biblia iliyofungwa kwa mpira ili kurasa zisitawanyike. Pembeni yake yupo kijana wa kumfasiria kwa Kinyarwanda. "Tubuni, hukumu iko karibu!" "Mwihane!" anadakia kijana, kwa sauti iliyompita mwenyewe. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, Mwislamu kama wengi wa huku Nyamirambo, hainui hata kichwa kwenye soli anayoishona. "Toba yarabi," anasema, "na huyu naye!"

Wanatheolojia wana neno la Kigiriki kwa kile alichokitaka mhubiri: metanoia, yaani kugeuka kwa nia. Walatini walilifasiri paenitentia, neno lenye harufu ya majuto na adhabu. Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516 aliihoji tafsiri hiyo, na mwaka uliofuata Luther akaanza hoja zake 95 na neno hilohilo. Wakatoliki wetu bado wana Sakramenti ya Kitubio.

Kiswahili kilipita njia nyingine. Kilichukua toba kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake ni kurejea, na wajuzi wa lugha za Kisemiti huuweka ukoo mmoja na shuv, kitenzi cha manabii wa Kiebrania. Kwa hesabu hiyo, fundi viatu na nabii Hosea wako karibu zaidi kuliko Hosea na Walatini. Anayetubu hageuzi nia tu, anageuza na miguu.

Kinyarwanda nacho kina kwihana, kutokana na guhana: kuadhibu, kuonya, kurekebisha. Ukilisikia mara ya kwanza utadhani kijana amemgeuza mhubiri kuwa hakimu. Lakini tusiharakishe kumlaumu, maana Kiswahili kinalo neno linalobeba yote mawili. Mzazi humrudi mtoto, na mtoto aliyepotoka hujirudi. Kurudi nyumbani na kurudiwa kwa kosa ni kitenzi kimoja. Ningeulizwa, kwihana ningelifasiri kujirudi, na toba ningeiachia nafasi yake.

Hapo ndipo ugomvi wa wainjilisti unapoingia: watu watishwe kwa moto, au waitwe kwa upendo? Wa moto wana ushahidi wao. Jonathan Edwards alihubiri Enfield, huko Connecticut, mwaka 1741, juu ya wakosefu walio mikononi mwa Mungu mwenye hasira, na watu wakalia kwa sauti. Yona aliupa Ninawi siku 40 bila hata neno moja la mwaliko, mji ukatubu. Aliyechukia matokeo ni Yona mwenyewe; alikuja kutangaza hukumu, akaona huruma.

Uamsho uliotoka Gahini, mashariki ya Rwanda, miaka ya 1930, haukuwa mpole juu ya dhambi. Watu waliungama mbele za wenzao, wizi kwa jina lake, uzinzi kwa jina lake. Lakini aliyeungama alikumbatiwa na kuitwa ndugu. Waganda waliwaita balokole, Wanyarwanda abarokore, waliookoka.

Ila neno hilo Kigali si jepesi. Aliyenusurika mauaji ya kimbari ya 1994 huitwa uwarokotse, aliyeokoka, na wako waliokimbilia makanisani wakauawa humohumo. Makanisa ya Ntarama na Nyamata ni kumbukumbu hadi leo. Hukumu nayo watu hawa wameiona kwa macho: mahakama za gacaca, zilizopewa jina la nyasi, zilikaa vijijini na mitaani hadi zilipofungwa mwaka 2012. Aliyekiri na kuomba radhi alipunguziwa adhabu. Kumpigia kelele za moto mtu aliyeokoka kwenye panga, au aliyekaa kwenye nyasi zile akisikiliza jirani akieleza alivyomuua kaka yake, ni kutojua unasema na nani.

Kwa hiyo mimi niko upande wa mwaliko, ila sitaki onyo lifutwe. Kuonya ni kumfanya mtu aone, kama kinavyosema kitenzi chenyewe, na kutisha ni kumfumba macho. Mwoga hukimbia, na anayekimbia hachagui njia. Anayeambiwa rudi lazima kwanza ajue ni kwa nani, na kwamba mlango haujafungwa.

Mhubiri wa Rwezamenyo alikuwa na neno la mlango huo katika sentensi yake, pengine bila kulisikia: karibu. Kwake lilihesabu umbali wa hukumu, ingawa ndilo tunalomwambia mgeni aingie, na Kigali hulisema hivyo kila siku bila mkalimani. Kijana hakulifasiri. Aliishia kwenye "Mwihane!"