Ufunguo wa Hazina: Safari ya Msimbo Kutoka Mkono wa Fundi hadi Tokeni ya Saa Moja

Jumatano ya tarehe 1 Agosti 2012, soko la hisa la New York lilifunguliwa saa tatu na nusu asubuhi kama kawaida. Dakika 45 baadaye, kampuni ya udalali ya Knight Capital ilikuwa imemimina sokoni mamilioni ya maagizo ambayo hakuna mteja aliyeyaomba, na hasara yake ilipita dola milioni 460.

Wakaguzi wa serikali ya Marekani walipochimba, walikuta chanzo kidogo mno. Siku chache kabla, fundi alikuwa akinakili msimbo mpya kwenye seva nane. Saba zikaupata. Ya nane ikasahaulika, na hapakuwa na mwenzake aliyepangwa kuhakiki kazi ile. Kwenye seva hiyo ulikuwa umelala msimbo wa zamani, usiotumika tangu 2003. Maagizo ya asubuhi ile yalipoingia, ukaamka. Katika kutapatapa, mafundi waliuondoa msimbo mpya kwenye zile saba zilizokuwa nzima, na moto ukazidi kuwaka.

Leo mwanaprogramu hufungua ukurasa wa mipangilio, akachagua hazina yake ya msimbo iliyoko GitHub, GitLab au Bitbucket, akabonyeza kitufe cha kuiunganisha na zana ya kupandisha msimbo kwenye seva. Kuanzia hapo, kila anaposukuma badiliko kwenye tawi kuu, tovuti yake hujisasisha yenyewe. Nyuma ya kitufe hicho kuna miaka zaidi ya 50 ya watu waliojaribu kuutoa mkono wa fundi katika safari hiyo. Kila mkono ulipotoka, mahali pake palibaki ufunguo.

Hazina zenyewe zilitangulia. Mwaka 1972, Marc Rochkind wa Bell Labs alitengeneza SCCS, programu iliyotunza kila toleo la faili ili mtu aweze kurudi nyuma. Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akafuata na RCS mwaka 1982, kisha zikaja CVS na Subversion. Zote zilikuwa ghala tu: zilijua nani amebadilisha nini na lini, lakini kazi ya kuufikisha msimbo kwa mtumiaji haikuwa yao. Katika miaka ya 1990 wengi waliifanya kwa FTP. Skrini iligawanywa sehemu mbili, faili za kompyuta yako upande mmoja na za seva upande wa pili, ukazivusha moja moja kwa kipanya. Umeme ukikatika katikati, tovuti ilibaki nusu mpya na nusu ya zamani.

Aprili 2005 mambo yalibadilika kwa sababu ya ugomvi wa leseni. Waandishi wa kiini cha Linux walikuwa wakitumia BitKeeper, programu ya kampuni binafsi waliyoruhusiwa kuitumia bure. Ruhusa hiyo ilipoondolewa, Linus Torvalds aliketi kuandika yake. Alianza tarehe 3 Aprili, na kufikia tarehe 7 Git ilikuwa tayari inatunza msimbo wake yenyewe. Tofauti na Subversion, kila nakala ya Git ni hazina kamili yenye historia yote, kwa hiyo mtu anaweza kufanya kazi siku nzima bila mtandao na kusukuma mabadiliko jioni. Kabla kebo ya SEACOM haijawashwa pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009, intaneti ilipotegemea setilaiti, sifa hiyo ilikuwa na uzito wake kwa aliyekaa Mombasa au Dar es Salaam.

Git ilikuja pia na kitu kidogo kilichoitwa ndoano: faili fupi ya amri inayojiendesha tukio fulani likitokea. Ile ya post-receive huendeshwa mara hazina inapopokea mabadiliko. Mafundi waliandika humo mistari miwili mitatu ya kunakili msimbo mpya hadi kwenye folda ya tovuti. Basi, umesukuma, imepanda.

Wakati huohuo Jamis Buck, mwanaprogramu wa kampuni ya 37signals, alitengeneza Capistrano. Ukiingia kwenye seva iliyopangwa nayo utakuta folda ya releases, na ndani yake folda nyingine ambazo majina yake ni tarehe na saa, kila moja ikibeba toleo zima la programu. Kando yake kuna kiungo kinachoitwa current, kinachoelekeza kwenye toleo linalotumika sasa. Kupandisha msimbo ni kutengeneza folda mpya, kuhakikisha kila kitu kimo, kisha kukigeuza kile kiungo. Mambo yakiharibika, kiungo hurudishwa kwenye folda ya jana. Capistrano iliweza kutuma amri ileile kwa seva zote zilizoorodheshwa, ziwe mbili au nane.

Kisha hazina zikahamia kwa wapangishaji. GitHub ilifunguliwa rasmi Aprili 2008 mjini San Francisco. Miaka mitatu baadaye Dmytro Zaporozhets alianza kuandika GitLab akiwa Ukraine, katika nyumba isiyokuwa na maji ya bomba. Kampuni iliyozaliwa na kazi hiyo imesimulia kwamba safari ya kila siku kisimani haikumsumbua kama alivyosumbuliwa na kukosa zana nzuri ya kushirikiana na wenzake.

Kuhama huko kulileta tatizo jipya. Ghala lilikuwa nyumba moja, seva nyumba nyingine, na zana ya kupandisha nyumba ya tatu. Zingepashanaje habari? Jenkins, mtambo uliozaliwa kwa jina la Hudson katika mikono ya Kohsuke Kawaguchi alipokuwa Sun Microsystems, mara nyingi ulipangwa kubisha hodi kwenye hazina kila baada ya dakika kadhaa: kuna jipya? Mara nyingi jibu lilikuwa hapana. Mwaka 2007 Jeff Lindsay alieneza wazo la kugeuza utaratibu huo, akaliita webhook, yaani ndoano ya wavuti. Hazina yenyewe ipige simu. Badiliko likiingia, itume ujumbe kwa anwani iliyoandikishwa, ukitaja tawi, aliyesukuma na alichobadilisha. Ili mpita njia asitume ujumbe wa uongo, pande mbili zikashirikiana neno la siri linalotumika kuutia ujumbe sahihi.

Heroku, iliyoanzishwa 2007, iliyakusanya yote hayo katika amri moja: git push heroku master. Mwanaprogramu hakuhitaji tena kuijua seva yake iko wapi. Salesforce iliinunua mwishoni mwa 2010, na baadaye Heroku ikaongeza njia ya kuiunganisha moja kwa moja na hazina iliyoko GitHub.

Hapa ndipo ufunguo unapochukua nafasi ya mkono. Zana inayotaka kuvuta msimbo kutoka hazina ya faragha lazima ithibitishe ni nani. Njia kongwe ni SSH, aliyoitunga Tatu Ylönen wa Helsinki mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. Ufunguo una nusu mbili. Nusu ya umma, mstari mrefu wa herufi unaoanza mathalani na ssh-rsa, hubandikwa kwenye mipangilio ya hazina, na nusu ya siri hubaki kwenye zana. GitHub haikubali ufunguo wa namna hii utumike kwenye hazina mbili. Mwenye hazina tano hutengeneza funguo tano, na wengi huona usumbufu.

Kwa hiyo wengi walikimbilia OAuth: bonyeza "ruhusu", na zana inapewa tokeni, yaani ufunguo wa kidijitali, kwa niaba yako. Ni rahisi mno. Lakini kwa miaka mingi ruhusa iliyoombwa kwa GitHub ilikuwa pana, ikimwezesha mwenye tokeni kusoma na kuandika kwenye hazina zote za faragha ambazo mtumiaji anazifikia. Aliyetaka kumfungulia mgeni chumba kimoja alimkabidhi shada zima la funguo.

Aprili 2022 shada hilo liliibwa. GitHub iligundua kwamba mtu anatumia tokeni za OAuth zilizotolewa kwa Heroku na zana nyingine iitwayo Travis CI kupakua hazina za faragha za makumi ya mashirika, ikiwemo npm. Watumiaji hawakuwa wamekosea nywila zao, na milango ya GitHub haikuvunjwa. Kilichoibwa ni funguo zilizowekwa amana kwa mtu wa tatu. Heroku ilizifuta tokeni zote, na uunganisho na GitHub ukazimwa hadi mwishoni mwa Mei. Kwa wiki hizo, watumiaji wake walirudi kusukuma msimbo kwa amri ya mkono.

Dawa zilikuwa zimeshaanza kutengenezwa. Tangu 2017 GitHub ina mfumo ambao zana huomba ruhusa kwa hazina zilizochaguliwa tu, na tokeni yake hufa baada ya saa moja. Mwishoni mwa 2021 ikaongeza OIDC: kazi ya kupandisha msimbo huonyesha kitambulisho cha muda kwa mtoa huduma wa wingu, na hakuna ufunguo wa kudumu wa kuhifadhi popote.

Wengine waligeuza mwelekeo wa safari yenyewe. Mwaka 2017 kampuni ya Weaveworks ya London iliipa desturi hiyo jina la GitOps, na mwaka uliofuata kampuni ya Intuit ikatoa zana ya kuitekeleza, Argo CD. Seva hazimngoji mtu wa kuzifungulia kutoka nje. Programu inayoishi humo ndani huenda kwenye hazina kila baada ya dakika chache, ikalinganisha kilichoandikwa na kinachoendeshwa, kisha ikarekebisha tofauti kadiri ilivyoagizwa. Kila kilichobaki nyuma huonekana kwenye skrini kwa rangi ya manjano na neno moja pembeni yake, OutOfSync. Seva ya nane ya Knight haikuwa na wa kuisemea hata neno hilo.