Uvunaji wa faida katika soko la hisa

Uvunaji wa faida ni kuuza hisa zote, au sehemu yake, bei inapokuwa juu ya ile zilizonunuliwa kwayo. Kabla ya mauzo, faida ipo kwenye taarifa ya akaunti tu, na soko likiyumba inaweza kuyeyuka kwa siku chache.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Zilipoingia Soko la Hisa la Nairobi tarehe 9 Juni, bei ilivuka shilingi 7, lakini kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeshuka chini ya ile 5. Aliyeuza mapema alionekana mjanja. Katikati ya 2021 hisa hiyo hiyo ilipita shilingi 40, na mwaka 2023 ikawa chini ya 20. Aliyeweka shilingi 5,000 kwa hisa 1,000 aliziona zikifikia 40,000. Kama hakuuza, zaidi ya nusu ya fedha hizo ilitoweka, ingawa bado alikuwa na faida na gawio alilolipwa miaka yote hiyo.

Mwaka 1985 Hersh Shefrin na Meir Statman walieleza tabia ya wawekezaji kuharakisha kuuza hisa zilizopanda na kung'ang'ania zilizoshuka. Terrance Odean alichunguza akaunti 10,000 za wateja wa dalali mmoja wa Marekani, akachapisha matokeo mwaka 1998: hisa zilizouzwa kwa faida ziliendelea kufanya vizuri kuliko zile za hasara zilizobakizwa. Chanzo ni kuipa uzito bei ya kununulia, ambayo haina uhusiano wowote na thamani ya kampuni leo. Linalopaswa kuulizwa ni kama hisa hiyo ingestahili kununuliwa sasa kwa bei iliyopo.

Kwa hiyo ni busara kuandika sababu za kuuza siku ile ile ya kununua, kabla furaha au hofu haijaingia: bei imezidi mno mapato ya kampuni, hisa moja imemeza sehemu kubwa ya akiba, au ada ya shule inakaribia. Kuuza kwa mafungu hupunguza majuto, lakini kila fungu lina gharama ya dalali. Katika masoko yenye wanunuzi wachache, kama Dar es Salaam kwa kampuni nyingi, oda kubwa huangusha bei yenyewe. Muuzaji huweka kikomo cha bei na kusubiri.

Kodi nayo huamua wakati. Kenya haitozi kodi ya ongezeko la mtaji kwa hisa zilizoorodheshwa sokoni. Marekani hutoza kiwango cha chini kwa hisa zilizoshikiliwa zaidi ya mwaka mmoja, na wengi huko husubiri mwaka utimie ndipo wauze.