Kisu cha mfukoni, chupa na watu waliokufa mapema

Leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Tuzungumze kisu. Sio panga wala kisu cha jikoni, bali kile kidogo cha kukunja kinachokaa mfukoni pamoja na funguo. Chukua kile chekundu cha Waswisi chenye msalaba mweupe, ambacho mjomba aliyerudi kutoka Ulaya hupenda kukionyesha. Fungua vyuma vyake vyote. Utakuta ubapa wa kukatia, pengine na mkasi. Halafu utakuta chuma kilichojisokota kama mkia wa nguruwe. Hicho ni kizibuo cha mvinyo. Pembeni kuna chuma kingine chenye pengo. Hicho ni cha kufungulia bia.

Sasa jiulize: kisu kinachosifika duniani kote kuwa ni cha jeshi, vyuma viwili vya kinywaji vinatafuta nini humo? Nimelifuatilia swali hili, na jibu lake linapita kwenye viwanda, vita, uhamiaji na vifo. Ukinisikiliza hadi mwisho, hutakitazama tena kisu hicho kwa macho yaleyale.

Tuanze mbali. Visu vya kukunja ni vya kale mno. Kimoja kilipatikana Hallstatt, huko Austria, na umri wake ni zaidi ya miaka 2,500. Katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam, Cambridge, kuna kifaa cha Kirumi cha fedha na chuma, cha karne ya 3 hivi, chenye kisu, kijiko, uma wa meno matatu na vyuma vingine, vyote vya kukunja. Warumi walikunywa mvinyo kweli kweli, lakini katika kifaa hicho hakuna chuma cha chupa. Hapakuwa na sababu. Mvinyo wao ulisafiri kwenye mitungi mikubwa ya udongo iliyozibwa kwa lami au udongo, na kuifungua haikuwa kazi ya mtu aliyekaa mezani na kisu mfukoni.

Kilichobadili mambo ni chupa ya kioo. Katika karne ya 17 Waingereza walianza kuchoma kioo kwa makaa ya mawe badala ya kuni, moto ukawa mkali zaidi, chupa zikawa nzito na imara. Chupa imara inaweza kuzibwa kwa nguvu, na kizibo bora kilikuwa gome la aina ya mwaloni unaoota Ureno na Hispania. Kizibo hicho kikishindiliwa ndani hakitoki kwa vidole. Wanahistoria wengi wanaona kwamba kizibuo cha msokoto kilitokana na chuma cha askari cha kuchomolea risasi na baruti zilizokwama kwenye mtutu. Mwaka 1681 tayari kuna mwandishi Mwingereza anayetaja chuma kilichosokotwa cha kung'olea vizibo. Na mwaka 1795 hataza ya kwanza ya kizibuo Uingereza ilichukuliwa na, amini usiamini, kasisi. Jina lake Samuel Henshall.

Hapo ndipo tunapofika Sheffield, na hapa naomba tukae kidogo.

Sheffield, mji wa kaskazini mwa Uingereza, uliishi kwa visu. Geoffrey Chaucer, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 14, anamtaja msaga nafaka mmoja anayetembea na kisu cha Sheffield kwenye soksi yake ndefu. Na msaga nafaka huyohuyo, katika hadithi hiyohiyo, anakunywa pombe usiku hadi analewa chakari. Kwa hiyo kisu cha Sheffield na bia vimekuwa pamoja tangu miaka zaidi ya 600 iliyopita! Mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuanzisha chama cha mafundi visu wa eneo hilo. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, fundi saa, alibuni njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu, na tangu hapo visu vya Sheffield vikaenda kila bandari.

Lakini kisu hakitoki kiwandani kikiwa na makali. Lazima kuwe na mtu wa kukinoa. Mnoaji wa Sheffield alikaa amejiinamia juu ya gurudumu la jiwe la mchanga linalozunguka kwa kasi, kisu mkononi, uso karibu na jiwe. Kila sekunde jiwe linatoa vumbi, naye analivuta. Vumbi hilo liliua mapafu taratibu. Wenyewe waliuita ugonjwa huo pumu ya wanoaji. Leo madaktari wanaujua vizuri, ndio huohuo unaowapata wachimba madini na wapasua mawe.

Mwaka 1845 kijana wa Kijerumani wa miaka 24, Friedrich Engels, alichapisha kitabu chake kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza. Ndani yake anamnukuu daktari mmoja wa Sheffield, Dk. Knight. Takwimu za daktari huyo zinatisha. Mjini hapo kulikuwa na wanoaji wapatao 2,500. Walionoa uma, kazi iliyofanywa kwa jiwe kavu, walikufa wakiwa na umri wa kati ya miaka 28 na 32. Walionoa nyembe, kwa jiwe kavu na lenye maji pia, walifika 40 hadi 45. Walionoa visu vya mezani kwa jiwe lenye maji walifika 40 hadi 50.

Halafu daktari anaongeza jambo ambalo nililisoma mara mbili. Anasema wanoaji waliokuwa walevi kupindukia ndio walioishi muda mrefu kuliko wenzao. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa watoro! Kila saa waliyokaa kilabuni ilikuwa saa moja mbali na vumbi la jiwe.

Hebu tafakari. Mafundi wa Sheffield walikuwa na desturi waliyoiita Mtakatifu Jumatatu. Mshahara ulilipwa Jumamosi, Jumapili ni mapumziko, na Jumatatu wengi hawakuonekana kazini, walikuwa kwenye bia. Matajiri na wahubiri walilalamika sana kwamba wafanyakazi ni wavivu na walevi. Pengine walikuwa walevi kweli. Lakini hesabu ya mapafu inaonyesha kwamba Jumatatu ile ilikuwa inawaongezea uhai. Engels anaeleza pia kwamba kulikuwa na mitambo ya kunyonya vumbi, ila baadhi ya wanoaji waliikataa na hata kuivunja. Waliogopa kwamba kazi ikiwa salama, watu wengi wataikimbilia na ujira utashuka. Walichagua maisha mafupi yenye raha. Mtu anayesema maskini hunywa kwa sababu ya ujinga, mpelekee ukurasa huu.

Tuvuke bahari twende Ufaransa. Kusini mwa nchi hiyo, mkoa wa Aveyron, kuna kijiji kinaitwa Laguiole. Mwaka 1829 fundi aitwaye Pierre-Jean Calmels alianza kutengeneza kisu cha kukunja ambacho baadaye kilichukua jina la kijiji. Kilikuwa kisu cha wafugaji wa ng'ombe. Kwanza kiliongezewa chuma cha kutobolea, kwa kazi ya mifugo. Ilipofika 1880 kikapata kizibuo. Ng'ombe wanahitaji kizibuo? Hapana. Vijana wa Aveyron walikuwa wameanza kukimbilia Paris kutafuta maisha. Huko walibeba maji, wakauza makaa ya mawe, na pembeni ya makaa wakauza mvinyo. Polepole vibanda vya makaa vikawa baa na mikahawa. Mhudumu anayefungua chupa siku nzima anahitaji kizibuo mfukoni, na kisu cha nyumbani kikapata kiungo kipya. Mmoja wa watu wa Aveyron, Marcellin Cazes, aliinunua Brasserie Lipp mwaka 1920, nyumba ya bia iliyokuja kuwa moja ya kumbi mashuhuri za wanasiasa na waandishi wa Paris. Kwa hiyo kizibuo kwenye kisu cha Laguiole ni alama ya uhamiaji. Wanaotoka Kilimanjaro kwenda kufungua maduka na baa mijini, hadithi hii mnaijua bila kufundishwa.

Na Waswisi je? Jeshi lao lilitaka kisu cha kila askari chenye ubapa, kifungulia makopo, bisibisi ya kufungulia bunduki na chuma cha kutobolea. Visu vya kwanza, mwaka 1891, vilitoka Solingen, Ujerumani. Karl Elsener, fundi wa Ibach, aliona hiyo ni aibu kwa taifa, akaanza kuvitengeneza nyumbani. Mwaka 1897 alisajili kisu kingine, chepesi zaidi, chenye ubapa wa pili na kizibuo. Hiki kilikuwa cha maofisa, nao walikinunua kwa pesa zao. Umeona? Askari wa kawaida apewe bisibisi, ofisa ajinunulie kizibuo. Hata kisu kipya walichoanza kupewa askari wa Uswisi mwaka 2009 hakina kizibuo cha mvinyo. Kile chekundu tunachokiita cha jeshi ni mjukuu wa kisu cha maofisa.

Bia nayo ilizibwa kwa vizibo vya gome hadi mwishoni mwa karne ya 19. Ndiyo maana Adolphus Busch, tajiri wa bia wa St. Louis, Marekani, aligawa visu vya mfukoni vyenye kizibuo kama wengine wanavyogawa kadi zao. Ukichungulia kwenye kitundu kidogo cha kisu hicho, unaiona sura yake! Lakini mwaka 1892 William Painter wa Baltimore alisajili kile kizibo cha bati chenye meno ambacho bado tunakibandua leo kwenye soda na bia. Mwaka 1894 akasajili na kifungulia chake. Kizibuo cha msokoto kikabaki na mvinyo, na visu vikaanza kuongezewa pengo la kubandulia bati.

Kampuni ya Painter ilikuwa na mwuzaji mmoja aitwaye King Gillette. Inasimuliwa kwamba Painter alimshauri abuni kitu ambacho mtu anakitumia, anakitupa, kisha ananunua kingine, kama kizibo cha bia. Gillette akaja na wembe wa kutupa, akapata hataza mwaka 1904. Kizibo cha bia kikazaa wembe usiohitaji mnoaji.

Na kwetu? Pwani yetu ina kisu cha kinywaji cha zamani kabisa: kotama, kile kipana kilichopinda cha mgema. Mgema hupanda mnazi, hukata ncha ya karara, utomvu ukadondokea kibuyuni. Njombe na Iringa wanafanya karibu hivyohivyo kwa mwanzi, wanapata ulanzi. Kwetu kisu hakifungui kinywaji, kinakizaa. Tembo huanza kuchacha saa chache tu, kesho si lilelile, kwa hiyo halikuhitaji kizibo wala kizibuo. Chuma cha kufungulia huzaliwa pale pombe inapowekwa, inaposafirishwa na inapouzwa na mtu usiyemjua.

Leo visu vyenyewe vina mashaka. Baada ya Septemba 11, 2001 viliondolewa kwenye ndege na kwenye maduka ya viwanja vya ndege. Uingereza, nyumbani kwa Sheffield, sheria ya 1988 inakuruhusu kutembea bila sababu maalumu na kisu cha kukunja kisichojifunga, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Mei 2024 mkuu wa Victorinox, Carl Elsener, alisema kampuni inaandaa vifaa vya mfukoni visivyo na ubapa kabisa, kwa sababu sheria za visu zinazidi kubana. Vile vya zamani vingeendelea.

Yaani tunaweza kufika mahali kisu kinapoteza makali, kizibuo na kifungulia bia vinabaki! Mimi sioni ubaya, kwani baa nyingi zina ugomvi wa kutosha bila visu. Ila siku utakapokikunjua kimoja mezani, bia ikiwa baridi na nyama iko njiani, wakumbuke wale wa Sheffield waliovuta vumbi ili makali yapatikane. Je, wewe ungekuwa mnoaji wa wakati ule, Jumatatu ungekwenda kazini?