Mzigo ukishashushwa ni wa nani? Kutoka Kidatu hadi mkondo wa maandishi

Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA ina 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini zinatosha kabisa kuzuia behewa. Ndiyo maana tawi linalotoka Kilosa, likapita Mikumi na kuishia Kidatu, lilikaa miaka mingi bila kupokezana mizigo vizuri na jirani yake, mpaka mwaka 1998 kilipojengwa kituo cha kuhamishia mizigo palepale Kidatu. Behewa halivuki. Kinachovuka ni kilichomo.

Mwaka huohuo, mbali kabisa na Morogoro, lugha ya programu ya C++ ilipata kiwango chake cha kwanza cha ISO. Humo mlikuwa na jibu la swali ambalo mpakiaji yeyote wa Kidatu angelielewa: ukishashusha mzigo, nani anauwajibikia?

Hebu tuelewane kwanza. Mkondo, kwa watunga programu, ni njia ya kupitishia data kwa mfuatano, iwe inatoka kwenye kibodi au inaingia kwenye faili. Mkondo wa maandishi hautoki nje: herufi zinabaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Unaweka "12.5" kama maandishi, unaitoa kama namba. Ni behewa lililoegeshwa, basi.

Maktaba ya kwanza ya mikondo ya C++ aliiandika Bjarne Stroustrup, muasisi wa lugha yenyewe, akiwa Bell Labs, Marekani, miaka ya 1980. Mwenzake Jerry Schwarz akaisuka upya. Mkondo wa maandishi wa enzi hizo uliitwa strstream, na ulikuwa na tabia ya ajabu. Ukiita str() ili uone kilichomo, haukukupa nakala. Ulikuonyesha mahali maandishi yalipo, halafu wenyewe ukajigandisha. Kuanzia hapo jukumu la kuachia ile kumbukumbu lilikuwa lako. Ukisahau kuugandua, kumbukumbu inavuja. Yaani umechungulia tu ndani ya behewa, tayari umekabidhiwa funguo na deni! Alama ya kuonyesha maandishi yameishia wapi nayo ulipaswa kuiweka mwenyewe.

Kiwango cha 1998 kilileta stringstream. Hapa str() bila kitu kwenye mabano inakupa nakala, na ukiipa maandishi mapya inafuta yote yaliyomo na kuweka hayo. Kunakili kuna gharama yake, lakini nadhani ilistahili. C++20 baadaye ikaongeza view() kwa anayetaka kuangalia bila kunakili. Strstream ilitangazwa kuwa ya kuachwa mwaka huohuo wa 1998, ila ikang'ang'ania hadi ilipoondolewa kwenye C++26.

Mtego mmoja haukuondoka. Mkondo una mzigo, na pia una alama za hali. Ukisoma hadi herufi ya mwisho, alama ya "nimefika mwisho" inawaka. Kuweka maandishi mapya kwa str() kunabadilisha mzigo tu. Alama inabaki inawaka mpaka uizime kwa clear().

Hilo si jambo la darasani tu. Kilosa iko kando ya mto Mkondoa, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yaliharibu reli na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Chukulia programu ndogo inayosoma vipimo vya mvua kwa zamu, mkondo ni uleule. Inaanza na Mikumi: "3.0". Inasoma, inafika mwisho, alama inawaka. Inawekewa ya Kilosa: "82.5". Inajaribu kusoma, inakataa kimyakimya, na namba iliyokuwa kwenye kihifadhi haiguswi. Jedwali linaandika Kilosa 3.0. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna programu kukwama. Anayesubiri tahadhari anaona mvua ya rasharasha.

Dawa ni clear() kila unapoweka maandishi mapya, au kuunda mkondo mpya kwa kila kituo ndani ya mzunguko. Mimi hupendelea hii ya pili: inakula muda kidogo zaidi wa kompyuta, lakini haimtegemei mtu kukumbuka.